Naomba ushauri: watoto wananidai safari ya skii (kuteleza kwenye theluji) Smugglers' Notch, na sisi wazazi hatujui hata viatu vyake vinavaliwaje

BiTheluji
Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za baridi. Niko Winooski, Vermont, mwaka wa tatu huu. Nina wawili, mmoja miaka 9, mwingine 5. Yule mkubwa kila Jumatatu anarudi shule na hadithi za skii za wenzake, sasa kanigandia: likizo ya Februari twende Smugglers' Notch. Baba yao anasema pesa ya kwenda kununua mguu uliovunjika hana. Mimi moyo umeshalainika, ila nina maswali. Huyu mdogo ataweza? Sisi tusiojua tutashinda wapi kutwa nzima? Na pale ni pa watu kama sisi au pa wenye nazo?

MzeeWaBarafu
Marahaba mama. Wanangu nimewapeleka pale misimu minne. Kuna milima mitatu, Morse, Sterling na Madonna. Morse ndio wa wanaoanza, na kijiji chenyewe kiko miguuni pake, ukifungua mlango wa chumba umeshafika. Madonna ndio baba lao. Kilele futi 3,640, na kuna njia moja huko inaitwa Black Hole wameipa almasi nyeusi tatu. Usiulize ikoje. Alama za ugumu wa njia zishike hivi: duara la kijani ni lenu, mraba wa bluu ni wa waliokwisha kuzoea, almasi nyeusi mwachieni mwenyewe.

Mdogo ataweza kuliko wewe. Ila nakuomba usimfundishe wewe wala baba yake, mtagombana mbele za watu. Mwandikishe darasa la watoto. Walimu wa skii wana lugha yao: "pizza" ni kutanua visigino mpaka ncha za mbele zikaribiane, hiyo ndiyo breki. "Chipsi" ni kunyoosha sambamba, hapo unaondoka. Wangu alitoka siku ya kwanza anapiga kelele pizza! pizza! nikadhani njaa.

Mkwezi255
Samahani natoka nje ya mada. Smugglers si wapitisha magendo? Mahali pa watoto mnapaitaje hivyo?

KaramuButu
Mkwezi, ni njia ya panya halisi hiyo. Mwaka 1807 Rais Jefferson alizuia biashara na nchi za nje. Watu wa kaskazini mwa Vermont soko lao lilikuwa Montreal, basi wakaendelea kuswaga ng'ombe kimyakimya kwenye upenyo ule kati ya miamba, ndiyo hiyo Notch, hadi Kanada. Marekani ilipopiga marufuku pombe, miaka ya 1920, njia ni ileile, ila mzigo sasa unashuka kusini. Mtu wa Namanga au Tunduma haelezwi zaidi ya hapo.

Skii ilianza 1956. Wenyeji walifunga lifti mbili za kukokota watu kupanda, mlima Sterling, basi. Miaka ya 60 akaingia Tom Watson Jr., bosi wa IBM, akataka kijiji kama vya milima ya Alps: unaegesha gari, unalisahau, kila kitu kwa miguu. Hilo wazo ndilo lililopafanya pa familia, maana mwenye watoto na mabegi anajua adha ya kupanda basi kila ukitaka choo. Mwaka 1996 Bill Stritzler, aliyekuwa akipaendesha tangu miaka ya 80, akapanunua. Lifti zao za viti ni za watu wawiliwawili na ni za pole. Vijana wanalalamika. Wewe utashukuru.

DadaWaBuja
BiTheluji, mimi sitelezi ng'o, na nilikaa siku mbili sikuchoka. Kuna ukumbi mkubwa wa michezo ya ndani, FunZone, kuna bwawa la ndani, na wenye vichanga wana sehemu ya kulelewa watoto inaitwa Treasures. Nunua tiketi mtandaoni mapema, ya dirishani inauma.

Halafu usipitie Stowe! Kwenye ramani utaona ni ng'ambo tu ya mlima, lakini barabara ya 108 kule juu hufungwa majira ya baridi. Toka Winooski shika Route 15 hadi Jeffersonville, ndipo upande.

MkenyaBaridi
Mimi napinga kidogo. Smugglers' ni poa, lakini familia ya watu wanne, siku ya kwanza kabisa, na bado hujui kama watoto watapenda? Anzeni Cochran's, pale Richmond, karibu nanyi zaidi. Mwaka 1961 Mickey Cochran alifunga kamba ya kuvuta watu kwenye kilima cha nyuma ya nyumba yake ili watoto wake wafanye mazoezi baada ya shule. Binti yake Barbara Ann akachukua dhahabu ya slalom (mbio za kupinda kati ya milingoti) Olimpiki ya Sapporo 1972. Miaka hamsini baadaye mwanawe, Ryan Cochran-Siegle, akachukua fedha Beijing. Kilima ni kilekile, na sasa kinaendeshwa bila faida. Hakuna hoteli, hakuna FunZone. Kuna theluji, chai na wazazi wenzako waliosimama wakitetemeka.

MzeeWaBarafu
Hapo Mkenya kasema. Mimi kiburi kilinipeleka mlima mkubwa siku ya kwanza, sitautaja, nikashuka kwa makalio mbele ya wanangu.

BiTheluji
Ahsanteni sana. Nimemsomea baba watoto ile ya kamba nyuma ya nyumba, kanyamaza, kisha kauliza Richmond ni kilomita ngapi. Kwa hiyo Jumamosi hii Cochran's, na mkubwa akiipenda, Februari Smugglers' siku moja bila kulala. Swali la mwisho: wavae nini? Nina jinzi na masweta tu.

DadaWaBuja
Jinzi hapana, ikilowa inaganda mwilini. Suruali ya theluji tafuta mitumba, zimejaa, watoto wa huku wanakua haraka. Helmeti kodi pamoja na viatu. Na soksi jozi moja tu, ndefu, usiwavishe mbili kwa kuwahurumia. Zikirundikana ndani ya kiatu mtoto atalia kabla hajafika kwenye kamba.

BiTheluji
Nilikuwa nimeshatenga tatu kila mmoja 😂