Programu ya mikopo imenidhalilisha hadi kwa mama mkwe, hivi wanaoandika hivi vitu hawana miiko?

Asalaam alaykum jamani, mnisamehe uzi mrefu, mwenzenu nina hasira za wiki nzima.

Mie niko Wete. Msimu huu nlikuwa na wachumaji sita, jioni wakishapimiwa pishi zao wanataka chao mkononi na mie karafuu bado mbichi ziko jamvini sijauza hata kilo. Jamaa akanirushia linki ya mikopo WhatsApp, nkaishusha. Ikaomba ione majina yote ya kwenye simu, nkabonyeza kataa, ikajifunga. Nkafungua tena nkakataa tena, ikajifunga tena. Mara ya tatu nkaruhusu, wachumaji wako barazani wananitizama. Masharti Kiingereza kitupu. Nkakopa elfu 60 ikaingia elfu 42, iliobaki eti "ada ya huduma", nirejeshe ndani ya siku 7. Riba hiyo imevishwa kanzu tu, lakini hilo ntajibu mwenyewe kwa Mola wangu, silo lililonileta.

Siku ya SITA, yaani muda haujafika, meseji zikaanza kwenda kwa watu. Kapata fundi wa boti, kapata Ustadh wa madrasa ya mwanangu, kapata mama mkwe kule Konde ambae meseji hasomi mwenyewe, kampa mjukuu amsomee na yule mtoto kasoma kwa sauti ile ya skuli mbele ya wanawake wanaochambua karafuu: huyu ni tapeli, anadaiwa, wewe kakuandika mdhamini wake. Wallahi sijamuandika mtu!

Sasa watu wananambia ohh sistimu imekosea. Sistimu gani yakhe? Kuna mtu kakaa kitako na chai yake akaandika kwamba huyu akikataa jifunge, na siku ya sita chukua majina yote peleka meseji. Akaijaribu, akaona inafanya kazi, akaenda zake kulala. Daktari akiharibu ana baraza lake, leseni inaweza kwenda, huyu tunamshtaki wapi? Mtoto wa dada yangu anasoma kompyuta Tunguu, kanambia Marekani kuna chama cha watu wa kompyuta, ACM, kina kanuni za maadili walizoziandika upya 2018 na imo kabisa kwamba taarifa za mtu uchukue zile tu unazozihitaji. Nkamuuliza asiefuata anafanywa nini? Anaweza kutolewa kwenye chama. Na kama hata hajawahi kujiunga? Kacheka tu.

Na msinambie sheria hakuna. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, imeanza kutumika Mei 2023, Tume yake ipo. Google nao 2023 hiyohiyo wakazikataza programu za mikopo za kwenye duka lao zisiguse majina wala picha za mtu, na hii yangu imekuja kwa linki ya uchochoroni, haikupita dukani. Benki Kuu Novemba 2024 ikatoa orodha ya programu 69 zisizo na kibali. Sawa, inafungiwa programu, alieiandika yupo, kesho anabadilisha jina na rangi anarudi.

Mie nataka nikisema kataa iwe kataa. Masharti yawe Kiswahili, na alieitengeneza ajulikane jina na pahala alipo. Deni nshalipa lote na programu nshaifuta, lakini majina ya watu 300 na kitu bado yako kwao na hakuna pa kubonyeza yafutwe!!

Kuna mtu wa Unguja au Pemba ashapeleka malalamiko kule Tume? Alianzia wapi? Anielekeze tafadhali, maana juzi baada ya Isha Ustadh kanivuta pembeni kaniuliza polepole, "lile deni lishakwisha?"