Nauziwa bodi ya mkia wa panda: itanifaa kwa mawimbi ya Malindi?

Mwana_wa_Sabaki

Hamjambo nyote. Naomba ushauri, hasa wa mtu wa kawaida anayeingia majini akipata nafasi kati ya kazi na nyumba.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Malindi. Huu mwaka wa pili nateleza mawimbini kwa bodi ya sponji ya futi 8. Msimu wa kusi naingia alfajiri kabla ya shule, mara tatu au nne kwa wiki, maana upepo ukishashika bahari inavurugika na hakuna cha kupanda. Mnaoijua ghuba yetu mnalijua wimbi lake. Huku hakuna mwamba wa kulizuia nje, linafika mpaka mchangani, ila linafika limechoka. Kimo chake kiunoni, siku ya heri kifuani. Linasimama, linavunjika kidogo, linalegea pale katikati kama limekata tamaa, halafu linasimama tena karibu na ufuo. Mvua ikinyesha sana bara, mto Sabaki unashusha tope na tunateleza kwenye maji yenye rangi ya chai ya maziwa.

Sponji yangu inavuka pale panapolegea bila shida. Shida ni kugeuka. Nikishatangulia mbele ya povu nikataka kurudi, ni kama nageuza mashua yenye shehena. Nikimaliza kugeuka wimbi limeshapita.

Sasa kuna mgeni anarudi kwao, anauza bodi fupi na pana, omo butu, mkia umegawanyika mara mbili kama wa jodari, ndio huo mkia wa panda, na mapezi mawili tu. Kwenye ule mti mwembamba wa katikati imeandikwa kwa penseli: futi 5 inchi 6, upana inchi 21, unene inchi 2 na nusu. Anataka Sh 35,000. Hiyo kwangu ni akiba ya miezi mitano, sitaki kuipoteza.

Nina kilo 80. Rafiki yangu anayefundisha wageni ufuoni anasema bodi hizo ni za mabingwa, nitazama nayo. Mwenzake hapo hapo akasema hiyo ndiyo bodi ya kila siku, bodi ya mtu wa kawaida. Nimsikilize nani?

Kusi_na_Kaskazi

Kilifi hapa. Nunua, kaka. Nimewahi kuazimwa moja kama hiyo, inakimbia kweli kweli hata kwenye wimbi dogo. Bei hiyo kwa bodi ya faiba huku kwetu huipati kila siku. Ukichelewa itachukuliwa na mwingine.

DadaTudor

Mdogo wangu Mwana wa Sabaki, usinunue bado. Kusi, samahani, najua umemshauri kwa nia njema, lakini hukumuuliza ana kilo ngapi ukalinganisha na bodi yenyewe. Hapo ndipo pa kuanzia.

Mimi ni mtoto wa Tudor, Mombasa. Niko San Diego, Marekani, mwaka wa 14 sasa, nina watoto wawili na kazi ya zamu za usiku. Mwaka wa tisa huu natelezea bodi ya mkia wa panda, ile ile moja: futi 5 inchi 8, upana 21 na nusu, unene 2 na nusu. Ina ujazo wa takriban lita 35 na mimi nina kilo 68. Natoka kazini asubuhi, napita ufuo wa Tourmaline, wimbi lenyewe mara nyingi ni la kiunoni, jepesi, wazee wa bodi ndefu wamejaa. Kwa hiyo wimbi lako nalielewa.

Bodi za aina hii zilizaliwa katika mji huu ninaoishi. Mwaka 1967 kijana wa hapa anayeitwa Steve Lis alitengeneza moja ya kutelezea kwa magoti. Aliifanya fupi, pana, na mkia wake kama mikia miwili iliyounganishwa, kila mmoja na pezi lake pana mfano wa mkuku. Alikuwa akiingia nayo kwenye mawimbi makali ya miamba ya Sunset Cliffs. Waliosimama juu yake walifuata baadaye, na mwaka 1972 Jimmy Blears wa Hawaii alitwaa ubingwa wa dunia hapa hapa San Diego akiwa juu ya bodi ya mkia wa panda. Kwa hiyo rafiki yako anayezitaja na mabingwa hajakosea. Lakini ule upana na ule ubapa uliompa Lis kasi ndio ule ule unaomsaidia mtu wa kawaida kwenye wimbi legevu. Bodi nyembamba iliyopinda sana omoni ikifika pale panapolegea inasimama, na wewe unashuka nayo. Hii inaelea juu juu, inapita. Mara ya kwanza nilipovuka sehemu iliyokufa bila kurukaruka kuitafutia kasi, nilitoka majini nikampigia simu kaka yangu Mombasa, na huko ilikuwa usiku.

Sasa rudi kwenye kilo zako. Acha kuangalia futi, angalia lita. Mimi huanza na hesabu hii kwa mtu aliyeshavuka hatua ya kwanza: kilo zako gawa kwa mbili. Wewe upate lita 40 hivi, hata zaidi kidogo. Hiyo unayouziwa, kwa vipimo hivyo, naikadiria lita 33. Rafiki yako akisema utazama, hapo ndipo aliposema kweli. Bodi yenyewe ni ya kila siku, ila ni ya kila siku kwa mtu wa kilo 65. Wewe ukiilalia utakuta maji kifuani, utapiga mikono mara mbili zaidi, na wimbi lenu halina nguvu ya kukusamehe hilo.

Jambo lingine nataka ujipime kwa ukweli. Je, unalikamata wimbi kabla halijavunjika, ukasimama ukielekea kando, ukalifuata ubavuni? Kama bado unasubiri povu likusukume moja kwa moja hadi mchangani, baki na sponji msimu mmoja tena, akiba yako ikae. Kwa ulivyoeleza kugeuka na kurudi kwenye povu, nadhani umeshafika. Nakuuliza tu kwa sababu nimeona wengi wakifupisha bodi mapema, wakaanza kuchukia bahari.

Ukiipata ya saizi yako, tarajia mambo haya. Kupiga mikono kutakuwa kwepesi kuliko unavyodhani kwa bodi fupi, kwa sababu ya upana. Lakini sogea mbele kuliko ulivyozoea, kidevu kikaribie omo, na ukisimama mguu wa mbele uwe mbele hasa. Bodi hii inaendeshwa na mguu wa mbele. Ukikanyaga mkia kwa nguvu kama wanavyofanya kwenye bodi za mapezi matatu, mkia unateleza kando na unaanguka. Mimi ilinichukua miezi mitatu kuacha tabia hiyo. Geuka kwa kuilaza bodi ubavuni, polepole, mduara mpana, kama mbayuwayu anavyokata hewani. Mapezi mapana yaliyogandishwa moja kwa moja kwenye bodi yanapenda mstari mrefu na kasi, hayapendi kona za ghafla. Kama yako yanatoka kwa skrubu, tafuta yenye nafasi ya pezi dogo la tatu katikati. Siku wimbi likiwa kali, hilo dogo linaushika mkia.

Na kuna siku haitakufaa kabisa. Wimbi likisimama wima, lenye mdomo, ukachelewa kuliingia, omo ile bapa inachoma majini. Siku hiyo mimi hutembea ufuoni na wanangu. Kwa ghuba yenu hizo ni siku chache.

La mwisho linaniuma mpaka leo. Bodi yangu ya kwanza ya mkia wa panda, kabla ya hii niliyo nayo, nilikuja nayo likizo Mombasa, ikagonga mwamba, ikapata tundu la ukubwa wa shilingi. Nikampelekea fundi mmoja wa boti. Alikuwa mtu mwema, akaitengeneza siku ile ile. Nilipoifuata, ndani ya lile tundu palikuwa na shimo la kuingia ngumi. Povu gumu la ndani ya bodi lilikuwa limeyeyuka. Mpaka leo sijaelewa vizuri alikosea wapi, na sikumlaumu mbele ya watu wake, lakini ile bodi nilikuwa nimeiwekea akiba mwaka mzima. Kwa hiyo kabla hujanunua ya faiba, jua nani ataitengeneza.

Fundi_Faiba_Kigamboni

Dada wa Tudor, pole sana. Nikueleze kilichotokea, kwa sababu nami nusura nifanye kosa hilo.

Sisi wa boti tunatumia rezini ya poliyesta, ile yenye harufu kali, unatia hadina inashika haraka. Bodi za kuteleza zina povu la aina mbili. Moja ni poliyurethani, laini kama mkate mkavu, ukivunja kipande ni unga unga, na ikikaa juani inageuka njano. Hiyo inapokea rezini yetu bila tatizo. Ya pili ni povu jeupe la chembechembe, lile lile la makasha ya kubebea samaki na barafu. Ukilitia poliyesta linayeyuka hapo hapo. Hilo linataka rezini ya epoksi tu. Fundi wako alitia dawa ya boti kwenye povu la makasha.

Mwalimu, ukienda kuiangalia bodi tafuta mahali palipochubuka uone ndani. Ukikuta chembechembe, ni epoksi. Usipokuwa na hakika, tumia epoksi, maana inashika kwenye povu zote mbili. Ni ghali zaidi na inachelewa kukauka, lakini haitakuharibia.

Halafu bonyeza kwa kidole gumba pale mguu wa nyuma unapokaa. Pakibonyea na kurudi, ngozi imeachana na povu. Kagua shina la kila pezi pande zote. Bodi za mapezi mawili mzigo wote uko pale, ufa mwembamba kama unywele unaingiza maji. Isimamishe kwa mkia dakika kumi kivulini. Ikidondosha maji, imekunywa. Iliyokunywa maji isizibwe ikiwa mbichi. Iache kivulini tundu likiangalia chini hata wiki mbili, ndipo upige msasa na kutia kitambaa cha faiba. Na jua letu si la mchezo: usiiache juu ya gari wala ndani ya gari lililofungwa. Nimeletewa bodi iliyovimba kama andazi kwa mchana mmoja tu.

Mwana_wa_Sabaki

Asanteni sana. Dada, shikamoo, na asante kwa kukaa chini kuniandikia yote hayo baada ya zamu.

Nilimwomba yule mgeni aniachie niijaribu asubuhi moja kabla ya kutoa pesa, akakubali. Nikaingia saa kumi na mbili na nusu, maji yanajaa, upepo bado haujaamka. Ulivyosema ndivyo ilivyokuwa. Nikilala juu yake maji yananifika kifuani. Nilijaribu mawimbi kumi na moja nikapata matatu. La kwanza nikakanyaga mkia nikaanguka. La pili vivyo hivyo. La tatu nikakumbuka mguu wa mbele. Lilipofika pale katikati na kulegea, nikajua limekwisha, lakini bodi haikusimama. Ilipita, nikailaza ubavu, ikageuka, nikarudi kwenye povu. Miaka miwili nimelitafuta hilo. Darasani siku ile niliandika tarehe ya jana ubaoni na watoto wakanirekebisha.

Fundi, niliisimamisha kwa mkia kama ulivyosema. Pezi la kushoto lina ufa shinani, na yalitoka matone, ya hudhurungi kidogo. Povu ni la unga unga, limegeuka njano. Nimemwonyesha mwenyewe, hakuwa anajua. Nimemrudishia na nimemweleza aikaushe kabla ya kuiziba.

Sikuinunua. Lakini kuna kijana wa Watamu ana nyingine ya mkia huo huo: futi 5 inchi 10, upana 21 na nusu, unene 2 na robo tatu, mapezi yanatoka, na tundu la pezi dogo katikati lipo. Anasema Sh 40,000. Ule unene unanitia wasiwasi, si itakuwa ngumu kuizamisha nipite chini ya povu la wimbi nikielekea nje?

DadaTudor

Marahaba mdogo wangu. Ndiyo, itakusumbua kuizamisha, zamisha omo mapema na usukume mkia kwa goti. Lakini hiyo ni kama lita 40. Ni saizi yako. Ibonyeze, isimamishe kwa mkia kama Fundi alivyosema, na ikitoka kavu ichukue.