MJADALA: Kijiji kizuie mtu kuuza shamba kwa wageni, au kimwache na mali yake?

Mtoa mada, Tukuyu
Wakuu, huku Rungwe watu wa mjini wananunua mashamba ya migomba na kahawa ili wapande parachichi za Hass. Kwenye mkutano wa kijiji mzee mmoja alisema ardhi ni ya wajukuu, sisi tumeshikiziwa tu. Kijana akamjibu: "Babu, siasa za Ujamaa zilishakufa. Mimi sina itikadi, nataka mtaji wa bodaboda." Alipigiwa makofi mengi.

Mimi nasema yule kijana ana itikadi, tena nzito. Anaamini shamba ni bidhaa kama pikipiki, na aliyeuza hadaiwi kitu na yeyote. Hayo hakuyabuni. Amekulia katika nchi iliyolegeza kamba za Ujamaa kwa Azimio la Zanzibar la 1991, kama babu yake alivyolelewa na Azimio la Arusha la 1967, lililotangaza Ujamaa wenyewe. Kila mmoja anaona mawazo ya mwenzake ni siasa, ya kwake ni akili ya kawaida. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 yenyewe imebeba yote mawili: ardhi ni ya umma, Rais ndiye mdhamini, lakini mwanakijiji anapata hati ya hakimiliki ya kimila. Nasimama na mzee. Kijiji kizuie.

Mchangiaji, Iringa
Mkuu, hiyo nguvu ya kuzuia ataishika nani? Mwenyekiti na jamaa zake. Sisi tuna kumbukumbu ya Isimani, huku huku Iringa. Watu walifyeka pori, wakalima mahindi kwa trekta, kisha Ujamaa ukaja, wakaambiwa ni makabaila. Krismasi ya 1971 mkulima Said Mwamwindi alimpiga risasi Mkuu wa Mkoa, Dk. Wilbert Klerruu, akaupeleka mwili polisi yeye mwenyewe. Alinyongwa. Wapo wanaomlilia Klerruu na wapo wanaomlilia Mwamwindi, na wote wanasimulia siku ileile. Mimi namlilia kila mmoja wao, ndiyo maana sitaki tena mtu asimame kwenye shamba la mwenzake kumwambia la kufanya.

Mchangiaji, Njombe
Kaka zangu, mnabishana shamba la babu na shamba la kijana. Mama yuko wapi? Anayepalilia ni yeye, anayebeba mbolea kichwani ni yeye, na siku ya kuuza anaambiwa akachemshe chai ya wageni. Sheria hiyohiyo ya 1999 inampa mwanamke haki sawa ya kumiliki ardhi. Ukoo unasema binti ataolewa, hana fungu. Hiyo nayo ni itikadi, na imezidi zenu kwa umri. Haina chama wala kadi, ndiyo maana hamuioni.

Mtoa mada, Tukuyu
Dada, nakubali, na inaongeza uzito kwenye hoja yangu: mauzo yasipite mpaka mke na watoto wakubwa wasikilizwe mbele ya mkutano, si mbele ya mwenyekiti peke yake.

Ndugu wa Iringa, Klerruu alitumwa na serikali, hakutumwa na wanakijiji wa Isimani. Mkutano wa majirani wanaofahamiana si kitu kimoja na amri kutoka juu. Halafu nijibu hili: mwenye shamba akiambiwa akodishe kwa miaka badala ya kuuza moja kwa moja, apate mtaji wake na udongo ubaki, utapinga nini hapo?