Utengamao, mifupa au magonjwa ya ndani: daktari wa Kigoma achague lipi?

Mtoto_wa_Katonga

Wakuu, habari za jioni. Nilimaliza utarajali, nikapangiwa hospitali moja mkoani Kigoma, sasa naingia mwaka wa tatu. Nataka kurudi shule na nimekwama kwenye njia tatu.

Kwanza, MMed (shahada ya ubingwa) ya mifupa, Muhimbili na MOI, ile taasisi ya mifupa. Pili, magonjwa ya ndani pale Bugando, na Mwanza angalau ni jirani. Tatu ndiyo inayoninyima usingizi: utengamao, tiba ya kumrudishia mtu uwezo wa kujifanyia mambo baada ya ugonjwa au ajali. Sisemi fiziotherapia. Nasema daktari bingwa kabisa, yule ambaye asubuhi anapita raundi kwa watu wa kiharusi, wa uti wa mgongo na waliokatwa viungo, mchana yuko darasani au kliniki na wanafunzi wake. Hiyo naona itanitoa nje ya nchi. India miaka 3, Marekani miaka 4 ukijumlisha ule wa kuanzia.

Kilichonisukuma ni mgonjwa mmoja. Kijana wa mawese, aliteleza juu ya mchikichi wakati anakata vichane, uti ukavunjika chini ya kifua. Tukampa rufaa, akafanyiwa upasuaji, akarudishwa nyumbani. Baada ya miezi minne analetwa kwangu: kidonda cha makalio ambacho ngumi inaingia, homa, mkojo unanuka. Nikaweka eksirei kwenye taa. Vyuma vimekaa vizuri mno, picha ya kufundishia. Na mwenye mgongo anaisha. Yuko wodini mpaka leo.

Nikajiuliza, katika ile miezi minne huyu alikuwa mgonjwa wa nani?

Nyundo_na_Patasi

Chukua mifupa mkuu, usijitese. Bodaboda peke yake zinatosha kukupa kazi mpaka ustaafu.

Halafu tuzungumze ukweli wa ofisini. Ukirudi na utengamao wako, ikama (orodha ya nafasi za kazi) inakutambua wapi? Wodi hakuna, kitanda hakuna, nafasi haipo kwenye karatasi. Utawekwa OPD, kwa wagonjwa wa nje, uandike dawa za malaria kama jana, tofauti ni kwamba sasa una deni la ada.

Fizio_Boma

Nipo Tabora, fiziotherapia mwaka wa 11. Niseme kabla hamjatugawana kama nyama ya sikukuu.

Sina shida na daktari wa utengamao. Nina shida na daktari anayeandika "mazoezi" kwenye faili na kupiga mhuri. Mazoezi gani? Ya kiungo kipi? Ana moyo wa namna gani huyu mzee? Mara ngapi nimepokea karatasi ya neno moja, mgonjwa mwenyewe anahema hata kabla ya kuvua viatu!

Ninachokosa ni mtu wa kuamua yasiyo yangu. Mfano, misuli ya mgonjwa wa uti iliyokuwa inakaza kidogo, wiki hii inakaza hadi kiti kinamtupa. Mimi nitanyoosha mpaka jioni. Kumbe ana jiwe kwenye kibofu, au kucha imeingia kwenye nyama, au kidonda mahali asipohisi. Anatakiwa daktari anayejua kwamba kukaza kwa ghafla ni king'ora, atafute moto uko wapi, ndipo aseme tuongeze baklofeni, dawa ya kulegeza misuli, au tupige sindano ya botoksi kwenye misuli miwili mitatu.

Na la kufundisha lina maana yake. Zamani sote tuliimba wimbo mmoja: mgonjwa wa kiharusi umwamshe haraka iwezekanavyo, umsimamishe mara nyingi. Mwaka 2015 ukatoka utafiti mkubwa wa AVERT: kumwamsha kwa nguvu na kwa wingi ndani ya saa 24 za kwanza kulipunguza nafasi ya kupona vizuri. Si kwamba alale tu, hapana, ila kwa kiasi, kidogo kidogo. Sasa habari ya namna hiyo inafikaje kwa tabibu wa kituo cha afya Sikonge? Inafika kama kuna mtu kazi yake ni kusoma, kutibu na kufundisha kwa pamoja. Mwenye kutibu tu hana muda. Mwenye kufundisha tu hajui Sikonge kuna nini.

Kaka_Vellore

Mtoto wa Katonga, nimesoma MD ya utengamao India (kule MD ni shahada ya ubingwa), nimerudi. Nikueleze siku ilivyo, kwa sababu wengi wanachagua jina la fani bila kujua asubuhi yake.

Saa mbili tunakaa mezani, si kitandani. Daktari mwalimu, residenti (daktari anayesomea ubingwa), muuguzi, fiziotherapia, tiba kazi, fundi wa viungo bandia, mtu wa ustawi wa jamii, na mara nyingi mgonjwa mwenyewe na mkewe. Kila mtu anataja lengo la wiki kwa lugha ya mgonjwa: "atahama kitandani kwenda kwenye kiti bila kushikwa", "atakula kwa mkono wa kushoto". Ukisema "mgonjwa anaendelea vizuri" mwalimu anakuuliza, vizuri kufanya nini? Tunapima kwa namba. Kuna kipimo cha Barthel, 0 mpaka 100: kula, kuoga, kuvaa, choo, ngazi. Waliovunjika uti wanapewa herufi A mpaka E kulingana na hisia na nguvu zilizobaki. Ndipo mnakwenda wodini, na huko mwalimu anakupa mgonjwa, anasimama pembeni amefunga mikono. Hakusaidii mpaka umekosea.

Unataka tofauti na mtu wa ndani? Hii hapa. Mgonjwa aliyeumia uti kwenye pingili ya sita ya kifua au juu yake, ghafla kichwa kinagonga, uso mwekundu, jasho, presha inapaa hatari. Asiyefundishwa atakimbilia dawa ya presha. Kwetu unamketisha wima kwanza, unalegeza mkanda na nguo, unafuata mpira wa mkojo kwa vidole kutoka mwanzo hadi mwisho. Mara nyingi umekunjwa tu, au umeziba. Ukiukunjua, presha inashuka mbele ya macho yako. Ikigoma, ndiyo dawa.

Na nikupe mtu wa kumfikiria: Dk. Mary Verghese. Alikuwa daktari kijana pale CMC Vellore, hospitali ya kufundishia India, mwaka 1954 akapata ajali ya gari, miguu ikafa. Akarudi kazini akapasua mikono ya wagonjwa wa ukoma akiwa amekaa kwenye kiti chake. Baadaye akaenda New York kusomea utengamao kwa Howard Rusk, bingwa wa fani hiyo, akarudi kuongoza idara hiyo Vellore, na taasisi yake ya utengamao ikafunguliwa 1966. Nadhani unaelewa kwa nini mgonjwa hakuwa na la kumwambia akisema "haiwezekani".

Marekani ni njia ndefu zaidi kwa mtihani na kwa nyaraka. Fani ni ya siku nyingi kule, bodi yao ya ubingwa ni ya 1947, vifaa usiseme. Lakini utajifunza kwa mashine ambazo hospitali zetu za Maweni au Kitete hutazikuta, na utarudi unazililia. India utaona mgonjwa aliyetoka kijijini, atakayerudi kijijini. Kwa mtu wa Kigoma mimi nasema India.

Nyundo_na_Patasi

Hadithi nzuri kaka. Ikama je?

Kaka_Vellore

Mei 2023 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio kwamba nchi ziingize utengamao kwenye mifumo yao ya afya. WHO wanakadiria watu bilioni 2.4 duniani wana hali ambayo ingefaidika nao. Nafasi zitakuja.

Nyundo_na_Patasi

Azimio halijawahi kumgeuza mgonjwa kitandani kila baada ya saa mbili. Nasubiri.

Mama_Kasulu

Habari zenu wanangu. Mimi si daktari, nasoma tu kwa sababu mume wangu alipigwa kiharusi upande wa kulia.

Tulipelekwa hospitali kubwa, sitaitaja. Madaktari wanne walipita, kila mmoja anatazama chake, wa presha, wa sukari, wa kichwa, na wa nne sikumjua ni wa nini. Wote wapole. Hakuna aliyeniuliza choo chetu kiko wapi. Choo chetu ni cha shimo, kiko nyuma ya mgomba, na mlangoni kuna ngazi mbili za udongo. Nilirudi na mfuko wa dawa na mume nisiyeweza kumnyanyua. Mgongo wangu ulikwisha mwezi wa kwanza.

Aliyeniokoa ni kijana wa fiziotherapia aliyefika nyumbani siku moja tu. Akatazama, akamwita seremala, wakatoboa kiti cha mbao kikawekwa juu ya shimo, ngazi zikafukiwa zikawa mteremko, kamba ikafungwa ukutani ya kushikia. Akanionyesha nimnyanyue kwa magoti, si kwa kiuno.

Huyo daktari mnayemsema ndiye angeuliza habari ya choo? Kama ndiye, mwanangu wa Katonga, kasomee hiyo.

Fizio_Boma

Shikamoo mama. Ndiye, au angalau ndiye anayewafundisha wale wanne kuuliza.

Gurudumu_Ujiji

Mnaongea kama sisi hatumo. Nipo kwenye kiti mwendo mwaka wa tisa, ajali ya lori. Maoni yangu yatawaudhi.

Mimi bingwa sikumhitaji. Nilihitaji kiti sahihi. Cha kwanza nilipewa msaada, kile cha hospitalini chenye vigurudumu vidogo mbele. Njooni nacho Ujiji penye mchanga mtaona, kinachimba kama jembe. Nilikaa ndani mwaka mzima siyo kwa sababu ya uti, kwa sababu ya vigurudumu. Nilipopata chenye gurudumu moja mbele, mbali na miguu, ndipo nikafungua genge la dagaa. Mkojo najitoa mwenyewe kwa mpira kila baada ya saa nne mpaka sita, muuguzi ndiye alinifundisha, tena kwa kioo cha kunyolea. Kidonda sijapata miaka sita kwa sababu najiinua makalio kila nikikumbuka, na mke wangu anakumbuka zaidi yangu.

Kwa hiyo fedha za kumpeleka mtu mmoja India zingetoa viti vingapi?

Kaka_Vellore

Swali halali. Lakini huyo muuguzi naye alifundishwa na nani? Na kiti kibaya ulipewa na mtu ambaye hakuna aliyemfundisha kukupima nyonga kabla ya kukukabidhi. Mimi sitaki bingwa akukalie wewe. Akae na wale watakaokutana na mwenzako wa kesho.

Gurudumu_Ujiji

Hapo sawa. Nusu.

Fizio_Boma

Niongeze njia ya nne, ambayo naona imesahaulika. Kabla hujauza ng'ombe, nenda Moshi. KCMC kuna hospitali ya kufundishia, kuna fiziotherapia, na kuna TATCOT, wanaofundisha mafundi wa viungo bandia na viungo saidizi tangu 1981, watu wanatoka nchi nyingine za Afrika kuja kusoma pale. Omba ukae wiki mbili, uone kama unaipenda kazi ya kurudia jambo moja mara mia mgonjwa akiwa amekununia. Wengi wanaipenda fani hii wakiwa mbali. Mtu wa mifupa ana raha yake, akitoka tieta kazi imekwisha. Hii haiishi, na usiku hakuna cha kujisifia.

Na Bugando usiitupe. Mtu wa ndani anayekijua kiharusi vizuri, akapata mafunzo ya utengamao juu yake, ikama inamtambua tangu siku ya kwanza. Nyundo na Patasi atakosa la kusema.

Nyundo_na_Patasi

Nitalipata. Lakini hiyo ya Bugando kisha utengamao nakubali, ni akili ya mtu mzima. Na nikiri moja: yule kijana wa mchikichi angekuwa wangu, ningemwona wiki ya sita, ningetazama picha, ningeandika "anaendelea vizuri". Hilo swali la "vizuri kufanya nini" limenikaa vibaya.

Mtoto_wa_Katonga

Nashukuru wote, na shikamoo mama Kasulu. Nimeomba likizo. Treni mpaka Dodoma, basi mpaka Moshi, wiki mbili. Nikirudi nitajaza fomu ya magonjwa ya ndani, huku naulizia India taratibu. Mifupa nimeiacha, Nyundo usinune.

Kaka wa Ujiji, nina ombi. Kijana wangu kidonda kimeanza kujaa nyama, homa imekata. Hataki kusikia habari ya kujitoa mkojo kwa mpira, anasema si kazi ya mwanamume. Naweza kumleta kwako mwongee?

Gurudumu_Ujiji

Mlete Jumamosi baada ya saa kumi, jua likipungua, nipo gengeni. Aje na mkewe kama anaye. Teremkeni pale barabarani, na usimsukume, mwache aje mwenyewe mpaka mezani kwangu. Akikwama mchangani nitamfuata mimi.