Niuze AG100 yangu ya kwanza ama niifufue nimpe binti yangu? Naombeni ushauri

MamaTrei_Rongai:
Habarini wakuu. Naandika hapa juu najua kuna watu wanaelewa pikipiki za zamani, na hii kitu imenikalia kwa roho wiki mzima.

Kuna Yamaha AG100 iko kwa baba yangu Kiserian, nyuma ya banda la kuku, imefunikwa na turubai. Ndio pikipiki yangu ya kwanza kumiliki. Niliichukua kwa mnada, shirika fulani lilikuwa linauza vitu vyake vya zamani, na saa hio nilikuwa msichana nimetoka shule juzi nafanya biashara ya mayai, natoa Kiserian napelekea vibanda na hoteli za Rongai mpaka huko Langata. Kabla ya hapo nilikuwa nabeba trei kwa matatu, na mwenye amewahi kubeba mayai kwa matatu ya Rongai asubuhi anajua vile kondakta anakuangalia.

Kwa wenye hawaijui, AG100 ilitengenezewa watu wa shamba. Ina keria mbele na nyuma, stendi za pembeni ni mbili, moja kushoto moja kulia, kwa hivyo hata kwa mteremko unachagua upande wa kuilaza. Chaini imefunikwa yote, haingii tope. Halafu kuna kitu kidogo pale kwa klachi, unavuta klachi unaifunga inakaa hapo, unashuka unafungua geti na pikipiki iko kwa gia injini ikiwa inanguruma. Mimi nilikuwa natumia hio kila asubuhi, geti yetu ilikuwa nzito na sikuwa na mtu wa kunifungulia saa kumi na moja.

Mayai nilikuwa naweka nyuma na mbele, chini ya trei nalaza gunia limekunjwa, halafu nafunga na blada, ule mpira wa tyubu. Blada ya juu haikazwi sana, ukikaza ile trei ya juu ndio inapasuka, unakaza ya katikati. Hio alinionyesha baba. Yeye alikuwa afisa wa kilimo na serikali ilikuwa imempea AG kama hii, alizunguka nayo Kajiado miaka mingi, so alinifunza kuendesha kwa uwanja wa shule ya msingi jioni watoto wakishaenda nyumbani. Alikuwa ananiambia nisikize injini kwanza ndio nitie gia, nisiangalie mguu. Mpaka leo hata kwa gari naskiza injini kwanza.

Kuna Jumapili moja niliacha mayai nikashuka nayo mpaka Magadi. Pale Corner Baridi upepo ulikuwa unataka kunitoa barabarani, halafu ukianza kuteremka baridi inaisha unaskia joto linapanda pole pole kupitia koti, Olepolos ikapita, Olorgesailie ikapita, nikafika kwa ziwa likiwa jeupe na sehemu zingine rangi ya waridi, magadi imekauka juu kama barafu. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu na hakuna mtu alikuwa amenibeba kunifikisha hapo. Sijawahi kuwa na furaha ya aina hio tena na nimepata vitu vingi tangu wakati huo.

Biashara ilipokua nikanunua gari, Probox, AG ikakaa. Sasa kakangu anataka kupanua banda na kuna kijana amesema atanipa 35,000 aichukue vile iko. Wakati huo huo binti yangu amefika 18 na anataka kujifunza pikipiki, ameniomba hio hio. Mzee wangu, yaani bwanangu, anasema kama ni lazima, tumnunulie pikipiki mpya ya Boxer tumalize maneno.

Je, AG ambayo imekaa miaka inaweza kurudi barabarani ikiwa salama? Na ni pikipiki ya kumpa mtoto kwa hii Nairobi ya leo?

Fundi_wa_Grogan:
Mama usiuze kwanza. Na tafadhali mtu asiipige kiki! Hio ndio kitu watu hufanya wakitoa turubai, wanaweka petroli mpya wanaanza kupiga kiki, na ndani ringi za pistoni ziko kavu zimeshikana na silinda.

Toa plagi. Mimina oili kidogo ya tu-stroki (AG ni tu-stroki, inachoma oili pamoja na petroli) kwa shimo la plagi, wacha ilale usiku mzima. Kesho yake sukuma kiki na mkono pole pole, bila nguvu. Ikizunguka, uko na injini. Ikikataa usilazimishe, itabidi kichwa kifunguliwe.

Petroli ya zamani mwaga yote, hio imeshakuwa gundi. Kabureta ifunguliwe isafishwe, vile vitundu vya jeti huziba kabisa. Tanki ukimulika na tochi ukaona kutu, weka siki na kokoto ndogo utikise sana, suuza, kausha kabla haijashika kutu tena. Tairi hata kama ziko na meno, angalia ubavuni, zikiwa na nyufa tupa.

Kitu muhimu zaidi ni pampu ya oili. AG haichanganyi oili kwa petroli kama zile za zamani zaidi, iko na tanki yake ya oili na pampu inapeleka kwa injini. Ikiwa imekaa hivo pampu inaweza kuwa imekauka ama paipu iko na hewa, na wewe unaendesha ukidhani oili inaenda. Injini inashika ukiwa kwa mwendo. Kwa hivyo tanki la kwanza la petroli changanya na oili kwa mkono hata kama pampu iko, mpaka uone na macho oili inatembea kwa ile paipu.

BodaWaKawangware:
Mimi nitaongea ukweli wa barabara mama. Niko kwa stage kila siku. AG ni chuma, hakuna anayebisha, lakini breki zake ni za drami mbele na nyuma, na ni 100cc. Ngong Road jioni mtu anakukatia bila indiketa, unahitaji breki ya kushika saa hio hio. Binti anajifunza, mpe kitu chenye breki ya diski mbele. AG wacha ikae Kiserian ya kuendea dukani.

Halafu Boxer ama TVS ikikufia Kabiria saa tatu usiku, kila fundi ako na spea. AG utasubiri.

DadaWaLimuru:
@BodaWaKawangware kuhusu breki nakubali, kuhusu kujifunza sikubali. Mimi nilijifunzia Boxer kwa lami na mpaka leo kona za Limuru zikiwa na ukungu naogopa. Wenye walijifunzia pikipiki nyepesi kwa nyasi na murram wanaendesha vizuri kuliko sisi. AG ni nyepesi, kiti si juu sana, ikianguka kuna vyuma vya kulinda injini na mikono, unainua unaendelea. Afunzwe kwa ule ule uwanja. Na kama mzee wa kilimo bado ako na nguvu, yeye ndio mwalimu.

MamaTrei naomba nikuulize, wewe unataka arudi barabarani nayo ama unataka apitie ile furaha yako ya Magadi? Juu hizo ni vitu viwili na majibu yake si moja. Furaha yake itakuwa kwingine, pengine kwa pikipiki ingine, na ni sawa.

Kijana_South_B:
Mimi naona huyo wa 35,000 anajua anachofanya. Tangu serikali iondoe VAT kwa pikipiki za chini ya 250cc mwaka wa 2008, mji ulijaa za forostroki, zile hazichomi oili, na hizi za tu-stroki zikawa chache. AG nzima yenye keria zote mbili na kava ya chaini haipatikani ovyo. Usiuze kwa bei ya chuma chakavu.

Karatasi_Kwanza:
Kabla ya fundi, logbuku, ile karatasi ya umiliki, iko jina la nani? Ulisema ulitoa kwa mnada wa shirika. Wengi walipewa risiti na logbuku ikiwa bado na jina la shirika, wakaendesha hivo hivo. Saa hii uhamisho wa umiliki wa NTSA, ile mamlaka ya usafiri na usalama, unafanyika kwa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, muuzaji ndio anaanzisha kwa akaunti yake na mnunuzi anakubali kwa yake. Kama shirika lilifunga ofisi utatafuta mtu wa kubonyeza na hayuko. Hata ukiamua kuuza, bila hio karatasi unauza spea tu.

Binti naye anahitaji leseni ya A2 kuendesha yake mwenyewe. A3 ni ya kubeba abiria na vifurushi, kwa hivyo akianza kupelekea watu mayai kama mama yake, hapo ni A3. Bima ya lazima, helmeti na koti la kuakisi, kila siku, hata akienda karibu.

MamaTrei_Rongai:
Asanteni sana, kwa kweli nimesoma yote nikaenda Kiserian jana.

@Karatasi_Kwanza iko jina langu. Baba alikataa nisilipe kwa mnada mpaka karatasi zote ziwe mezani, na nilibadilisha mwezi huo huo. Nimeikuta kwa sanduku lake imefungwa na nailoni.

@Fundi_wa_Grogan tulitoa plagi, tukaweka oili, leo asubuhi binti yangu akasukuma kiki na mkono na ikazunguka! Baba alikuwa amekaa kwa kiti kando, akasema injini iko huru, haijashikana, ameskia tu na masikio. Tanki ina kutu kidogo upande wa chini. Tairi zote mbili zimepasuka ubavuni.

@DadaWaLimuru hilo swali lako nililala nalo. Nilimuuliza mwenyewe kwa nini anataka hio na si mpya, akasema anataka kujua kuitengeneza. Hajataja Magadi hata kidogo, ni mimi nilikuwa namwekea. So tumekubaliana hivi: haiuzwi, inarudi, anajifunzia Kiserian na babu yake, haivuki Bomas pale Langata kuja mjini. Akishapata A2 na akiwa bado anataka pikipiki ya mjini, tutanunua yenye diski, na @BodaWaKawangware nitakutafuta unisaidie kuchagua. Mzee wangu ameridhika na hio ya Bomas.

Banda la kuku litapanuliwa upande ule mwingine. Kakangu amenuna lakini atakula mayai.

Jumamosi naingia mjini kutafuta spea. Fundi, nianze na nini?

Fundi_wa_Grogan:
Safi kabisa, na msalimie mzee.

Anza na sili za krenki, ile mipira ya kuzuia hewa na oili kwa shafti ya injini, zote mbili, hata kabla ya tairi. Zikikaa miaka mpira unakuwa mgumu. Ile ya upande wa magneto, yenye inatoa moto wa plagi, ikivuja hewa, resi inapanda yenyewe bila wewe kugusa, na mtoto anajifunza hapo ni hatari. Ya upande wa klachi ikivuja, injini inavuta oili ya gia na utaona moshi mweupe mwingi usioisha hata ikishapata moto. Halafu ringi, gasketi ya kichwa, plagi, waya wa klachi na viatu vya breki. Tairi na tyubu mwisho.

Kirinyaga Road fika asubuhi mapema kabla jam. Usiseme tu AG100, kuna za miaka tofauti. Beba sili ya zamani mkononi walinganishe mbele yako, na ukiona ya kwao ina mdomo mwembamba kuliko yako usichukue, enda duka linalofuata.