Nimeachiwa chumba cha seva peke yangu, nianzie wapi?

kebo_ya_bluu
Wakuu habari za jioni. Nimemaliza diploma ya IT mwaka jana, nikapata kazi kwenye taasisi moja ndogo hapa Dodoma, tuko kama watu 60. Niliingia nikijua kazi yangu ni printa na kupiga Windows, mara fundi mkubwa akapata kazi Dar akasepa, kaniachia ufunguo wa chumba cha seva na karatasi moja ya paswedi ambayo nusu yake hazikubali. Mle ndani kuna seva 2, ruta ya MikroTik, swichi 3 za Cisco, UPS inayolialia na nyaya zimejikunja kama tambi.

Jana mtandao ukakata ghorofa ya juu tu, chini wako fresh. Nikaenda nikachomoa chomoa nyaya kwenye swichi ya kule nikarudishia, ukarudi, mpaka sasa sijui nilifanya nini 😂 bosi akanishukuru nikaona aibu kweli.

Sasa nataka niijue hii kazi. Mmoja ananiambia lipia CCNA (cheti cha mitandao cha Cisco), mwingine anasema soma Linux kwanza, YouTube nako kila mtu na lake, na mshahara wenyewe mnaujua. Mngekuwa nyie mngeanzia wapi? Nawasilisha.

mzee_wa_raki
Mdogo wangu karibu chamani. Cheti weka pembeni kwanza, hakuna aliyefukuzwa kazi kwa kukosa CCNA, wanafukuzwa kwa kuchomoa waya wasioujua.

Nunua kaunta buku, ndiyo, lile la shule. Watu wakishaondoka jioni kaa na swichi moja moja uandike kila poti inaenda wapi. Ukipiga `show mac address-table` kwenye Cisco utaona mashine ipi iko poti ipi, `show cdp neighbors` itakuonyesha swichi zimeunganaje, na kwenye MikroTik fungua Winbox (programu ya kuisetia) uangalie DHCP leases, DHCP ndiyo inayogawa IP, yaani anwani za mashine kwenye mtandao, pale utaona nani kapewa IP gani. Waya ukishautambua bandika kikaratasi na selotepu ncha zote mbili. Mimi ilinichukua wiki 2 na nilikuta waya mrefu umetandazwa darini hauendi popote.

La pili bakapu. MikroTik piga `/export file=bakapu` uihamishie kwenye laptopu, faili likibaki kwenye ruta hiyohiyo hujafanya kitu. Cisco kopi `show running-config` yote, halafu elewa kwamba hiyo inakaa kwenye memori tu, kama jamaa alibadilisha vitu hakuvisevu basi siku umeme ukikatika na hiyo UPS yako inayolia (betri imechoka hiyo, nakwambia bila kuiona) swichi itaamka na mambo ya zamani na utajiona umelogwa. Linganisha na `show startup-config` mapema, kama zinapishana na kila kitu kinafanya kazi, sevu.

Na pulizia hizo seva vumbi. Upepo wa huku kuanzia mwezi wa sita hauna huruma na feni.

dada_pingi
Mzee nakubali ila CCNA usiitupe hivyo, mtihani ndio ghali, mada zake ni bure. Packet Tracer, programu ya kuigiza mitandao kwenye kompyuta, unaipata bure ukijisajili Cisco Networking Academy, anza na subnet (kugawa anwani za IP mafungu) na VLAN (kugawa swichi moja iwe mitandao kadhaa) mpaka ziwe kama hesabu za chenji. MikroTik nao wana CHR, ruta yao ya kwenye kompyuta, unaiweka ndani ya VirtualBox, ya bure inakubana 1 Mbps kila interfesi lakini kujifunzia inatosha kabisa. Linux utaisoma humohumo, usichague kimoja kama unachagua mchumba.

Ila kilichonivuta ni hiyo ghorofa ya juu. Mashine zilikuwa na IP gani wakati mtandao umekata? Ukipiga `ipconfig` ukakuta inaanza na 169.254 maana yake imeomba IP haikujibiwa. Ukikuta namba za familia nyingine kabisa tofauti na za ofisi, kuna mtu kachomeka ruta yake nayo inagawa IP, na mashine inachukua ya yule aliyejibu kwanza. Wewe ulipochomoa chomoa ulizifanya ziombe upya.

fundi_wa_nzuguni
Mimi naongeza moja tu, kabla hujabadilisha kitu ukiwa mbali jiachie njia ya kurudi. Niliwahi kugusa fayawoli ya tawi la Singida nikiwa zangu Dodoma, nikaweka rulu ya kuzuia juu ya rulu ya kuruhusu, nikajifungia nje mwenyewe, kesho yake alfajiri niko kwenye basi kwa nauli yangu. Kumbe Winbox ina kitufe cha Safe Mode, koneksheni ikikatika inafuta ulichobadilisha. Cisco unapiga `reload in 10` kabla ya kuanza na husevu kitu, mambo yakiharibika baada ya dakika 10 inajiwasha upya na ya zamani, yakienda sawa unapiga `reload cancel`. Kwenye seva ya Linux ya Ubuntu tumia `netplan try`, usipothibitisha ndani ya sekunde 120 inarudisha.

kebo_ya_bluu
Dada pingi umejuaje?? Leo asubuhi nimepanda juu, mashine moja haijazimwa tangu juzi, bado ina 192.168.0.x wakati ofisi tunatumia 10.10. Nikaanza kuulizia, kumbe mhasibu kaleta karuta kake ka nyumbani kachomekwa nyuma ya kabati ili simu yake ipate wifi. Na tangu juzi analalamika "wifi yangu haifanyi kazi", kumbe waya wake ni mmoja wa niliochomoa nikasahau kurudishia 😂😂 sasa ni mkubwa kwangu kwa cheo na umri, namwambiaje?

dada_pingi
Usimnyang'anye, utapata adui na posho zako ziko kwake. Mwombe kwa adabu uiseti: badilisha IP ya karuta isigongane na ya mtu, zima DHCP ndani yake, waya wa ofisi uingie poti ya LAN (ya mtandao wa ndani) siyo WAN (ya kuingizia intaneti). Itabaki kurusha wifi tu. Mwambie bosi kwanza lakini. Halafu kwenye swichi soma kuhusu DHCP snooping, inazuia ruta usiyoiruhusu isigawe IP, ila uijaribu kwenye Packet Tracer kwanza, ukisahau kuweka trast (kuiambia swichi iiamini) kwenye poti inayoenda kwa ruta unawakosesha IP jengo zima.

mzee_wa_raki
Na hiyo ya mhasibu iandike kwenye kaunta buku.

kebo_ya_bluu
Limeshanunuliwa hapa Majengo, quire 3. Ukurasa wa kwanza ni karuta ka mhasibu, poti 17.