Tupeane uzoefu: siku kifaa kilipokuumbua mbele za watu

Mtoto wa Mbagala (mwanzisha uzi)
Wakuu, salaam. Juzi nimeumbuka nikasema haiwezekani niwe peke yangu jiji zima hili. Nimenunua runinga ya kisasa, inchi 43, nimetamba wiki nzima kwamba king'amuzi ni mambo ya kizamani, mimi naangalia kwa bando. Siku ya watani nikaita majirani, na kreti ya soda juu. Faulo nje ya boksi, kipa anapanga ukuta, mara kibanda umiza cha nyumba ya tatu wakalipuka: "Gooo!" Kwetu kipa bado anapanga ukuta. Tukakaa kimya tunasubiri goli ambalo tumeshaambiwa limeingia. Mapumziko watu wote wakahamia kibandani na mia tano zao. Soda zangu wakaondoka nazo. Haya, leteni na yenu.

Kisu cha Tandale
😂😂 Umeniua. Kwetu hivyohivyo, mtaa mzima unajua matokeo kabla yangu.

Fundi Dishi
Mkuu, runinga yako haina kosa. Video ya mtandaoni inakuja vipande vipande, kifaa kinaweka akiba vichache kwanza ndipo kikuoneshe, ili isikwamekwame. Hapo nusu dakika inaondoka kirahisi. Hata dishi linachelewa, ila kidogo. Setilaiti iko kilomita kama 36,000 juu, lakini kupanda na kushuka ni robo sekunde tu. Kinachokula muda ni kubana picha na kuifungua. Ukitaka kuwahi, washa redio.

Mzee wa Ilala
Haya yote yameletwa na dijitali. Analojia ilipozimwa hapa Dar tarehe 31 Desemba 2012 nilisema, wakanicheka. Zamani goli likifungwa Ilala nzima inapiga kelele mara moja. ITV ilipoanza 1994 tulikuwa tunajaa sebule moja watu thelathini, na hakuna aliyejua kabla ya mwenzake.

Kisu cha Tandale
Shikamoo mzee. Ila usisahau kijana wa kupanda juu ya paa kuzungusha antena. "Hapo! Hapohapo! Aah, umepitiliza, rudisha!" Huyo kijana nilikuwa mimi, na sikuwahi kuona mechi hata moja.

Mzee wa Ilala
Marahaba. Ulikuwa unajifunza heshima.

Mama Wawili
Mimi ni LUKU. Tamthilia ya Kituruki imefika patamu, yule mama anafungua mdomo amwambie kijana baba yake ni nani, puu, giza. Majirani wamejaa sebuleni. Mume wangu yuko safari, akatuma tokeni. Namba ishirini, naisomewa na mtoto wa darasa la pili kwa tochi. Mara ya tatu mita bado inakataa, jirani mmoja akasema kwa sauti, "Labda hajatuma, kakutumia ya zamani." Kumbe mtoto alikuwa anaruka sufuri, anasema "sufuri haina kitu." Jina la baba sikulijua mpaka marudio.

Abiria wa Kimara
Mwendokasi, asubuhi, tumebanana kama dagaa. Nilidhani waya za masikioni zimeingia. Hazikuingia. Sisemi nilikuwa nasikiliza nini.

Kisu cha Tandale
Sema!

Abiria wa Kimara
Mafundisho ya namna ya kumrudisha mpenzi aliyekuacha. Basi zima likanipa pole.

Mkwe wa Segerea
Nilikuwa napita tu, ila mmenitonesha. Kaeni vizuri.

Nilipeleka posa Segerea. Kwa wakwe inajulikana sijawahi kukanyaga pale. Ukweli ni kwamba wazazi waliposafiri kwenda Tanga msibani nilishafika, tena si mara moja, na siku hizo tulikuwa tunasikiliza muziki wa simu yangu kwenye sabufa ya mzee.

Siku ya posa umeme hakuna, tumekaa sebuleni tunajipepea na bahasha. Mshenga wangu, mtu wa Rufiji, maneno yanamtoka kama asali. Anasema, "Kijana wetu ni mgeni kabisa hapa, hata njia tumeuliza dukani." Neno "dukani" halijaisha, umeme ukarudi. Feni ikazunguka, friji ikanguruma, na chini ya kabati yule dada wa kwenye sabufa za Kichina akatangaza kwa Kiingereza chake kwamba simu imeshaunganishwa.

Kimya. Kila mtu akatazama simu yake, kwa kuwa hakuna aliyegusa kitu. Nikaingiza mkono mfukoni nizime. Sijui kidole kiligusa wapi, singeli ikafumuka, ile ya kasi kabisa niliyokuwa nasikiliza kwenye bodaboda. Vikombe vinatikisika. Mama mkwe akageuka taratibu akaangalia pazia la jikoni, alipokuwa binti yake.

Mzee akasubiri nizime. Akavua miwani, akaifuta, akasema: "Miezi miwili nahangaika kuiunganisha na simu yangu inakataa. Kumbe ina mwenyewe."

Mshenga, Mungu amlinde, akajaribu: "Mzee, vifaa vya siku hizi vinakaribisha wageni." Hakuna aliyecheka. Tukapigwa faini ya laki mbili, juu ya mahari, ya kuingia nyumbani bila hodi. Mshenga akaomba mpaka ikashuka laki moja na doti mbili za kanga za mama.

Abiria wa Kimara
Nalia hapa kazini. Bosi kaniuliza kuna msiba?

Bwana Ushahidi
Hii chai, tena ya tangawizi. Sabufa haiungani yenyewe.

Fundi Dishi
Inaungana. Nyingi zinakumbuka simu ya mwisho, zikipata umeme zinaitafuta. Ukiwa na bluetooth wazi, imekwisha.

Bwana Ushahidi
Na mshenga gani anakubali faini kirahisi hivyo? Kwetu tungebeba bahasha yetu tukaondoka.

Mama Wawili
Mgeondoka ndiyo maana hamjaoa. Kosa la kijana, faini halali. Hongera mama mkwe.

Mtoto wa Mbagala
Wakuu, uzi wangu ni wa vifaa, sio posa. Tuendelee. Mimi nirudi kwenye king'amuzi au nivumilie?

Kisu cha Tandale
Mkuu, subiri kwanza. Shemeji wa Segerea, ulioa?

Mzee wa Ilala
Ushauri wangu: ukienda ukweni simu unaiacha kwa mama yako.

Abiria wa Kimara
Au nenda na ile ya tochi. Haina cha kuungana nacho.

Mama Wawili
Au usiende wakiwa msibani Tanga!

Fundi Dishi
Mbagala, tafuta dishi. Lakini na kibanda nacho kina dishi, kwa hiyo hutawashinda, mtakwenda sare.

Mkwe wa Segerea
Nilioa, tuna mtoto wa pili sasa. Siku ya harusi mzee alitupa sabufa ileile, imefungwa kitambaa cheupe. Alisema imekwishanizoea.

Bwana Ushahidi
Bado mnayo? Mnauza?